Saratani ya tezi dume: Je, baraza la wanaume laweza kuvunja ukimya?

Nchini Uingereza, mwanamume mmoja kati ya kila wanne weusi hugunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume katika maisha yake. Hata hivyo, Novemba 2025, kamati ya kitaifa inayoishauri serikali kuhusu uchunguzi wa magonjwa ilitoa rasimu ya mapendekezo ambayo haikuunga mkono wanaume hao kuitwa wote kwenda kupimwa.

Rasimu hiyo ilipendekeza uchunguzi wa kila baada ya miaka miwili kwa kundi dogo tu la wanaume, wenye umri wa miaka 45 hadi 61, waliorithi kasoro katika jeni zinazojulikana kama BRCA. Kuhusu wanaume weusi, kamati ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha kwamba faida ya kuwapima wote ingezidi madhara.

Madaktari wamegawanyika kuhusu msimamo huo. Lakini kwa mzee kutoka Unguja, Mombasa, Kampala au Bukavu anayeishi London, maana yake ya kila siku ni moja: asitarajie barua ya kumwita. Kwa miaka mingi utaratibu wa Uingereza umekuwa kwamba mwanamume mwenye umri wa miaka 50 au zaidi anaweza kumwomba daktari wake wa familia kipimo cha damu cha PSA, baada ya kuelezwa uzuri na ubaya wake. Daktari hatazamiwi kulianzisha suala hilo kwa mtu asiye na dalili.

Kwa hiyo mzigo wa kuuliza umewekwa juu ya mabega ya mgonjwa. Na asiyejua kwamba kuna swali la kuuliza, hataliuliza. Hapo ndipo umuhimu wa makundi ya kusaidiana ya wanaume wenye ugonjwa huu unapojitokeza, na hapo ndipo pia udhaifu wake unapoonekana.

Barabara isiyokosa watu

Barabara ya Edgware, inayoanzia Marble Arch na kwenda moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi juu ya njia ya kale ya Warumi, ni mfano mzuri wa hali hiyo. Mikahawa ya Kiarabu imejipanga pande zote mbili. Tangu sheria ya mwaka 2007 ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya majengo ya umma nchini England, wavutaji wa shisha wamehamia nje, na jioni viti vya kando ya barabara hujaa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, hasa mwenye jamaa Oman na nchi za Ghuba, hajihisi mgeni mahali kama hapo.

Huduma pia haziko mbali. Hospitali ya St Mary's, ambako Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, iko Paddington, mwendo mfupi kwa miguu. Treni inayotoka kituo cha Edgware Road humfikisha abiria Hammersmith bila kubadilisha, na kutoka hapo anaweza kutembea hadi hospitali ya Charing Cross. Katika uwanja wake kuna kituo cha Maggie's kilichofunguliwa mwaka 2008, ambako mgonjwa wa saratani au jamaa yake huingia bila miadi na bila malipo.

Wanaume, basi, wapo. Mahali pa kukaa papo. Wauguzi na madaktari wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo kati ya meza ya kahawa na chumba cha daktari, na kiungo hicho si kingine ila mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo na aliye tayari kusema.

Takwimu zenyewe zinadai busara katika kuzisoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanaume wa England ulikadiria kwamba hatari ya kugunduliwa na ugonjwa huu ni mmoja kati ya wanne kwa weusi, mmoja kati ya wanane kwa weupe, na mmoja kati ya 13 kwa wenye asili ya Asia. Hatari ya kufa kwa ugonjwa huo ilikuwa mmoja kati ya 12 kwa weusi na mmoja kati ya 24 kwa weupe.

Lakini fomu za hospitali zina visanduku vichache. Mswahili ambaye bibi yake alikuwa Mmanyema, babu yake Mshihiri na mama yake Mngazija atatia alama wapi? Takwimu hazimjibu. Jambo la hakika ni kwamba mtu kama huyo hana sababu ya kuamini kwamba ugonjwa huu ni wa wengine.

Siri ya waziri

Ukimya kuhusu tezi dume si tabia ya Waafrika Mashariki peke yao. Desemba 2023, Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa saratani hiyo. Siku ya mwaka mpya alirudishwa hospitali kwa matatizo yaliyotokana na upasuaji, na rais wake, Joe Biden, hakujua kwamba waziri huyo ana saratani hadi tarehe 9 Januari 2024.

Februari mwaka huo Bwana Austin aliomba radhi hadharani. Alisema habari ile ilimtikisa, na kwamba silika yake ya kwanza ilikuwa kuifanya iwe siri. Ikiwa mtu aliyesimamia mojawapo ya majeshi makubwa zaidi duniani aliona vigumu kumwambia mkubwa wake, haishangazi kwamba mzee aliyelea watoto wake akiwa nguzo ya nyumba huona vigumu kuwaambia kwamba sasa anavaa pedi ya kuzuia mkojo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika ugonjwa huu methali hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwa sababu si kila saratani ya tezi dume huua. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ambao matokeo yake ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023, uliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi. Takriban 97 kati ya kila 100 hawakufa kwa ugonjwa huo, wawe walifanyiwa upasuaji, walipigwa mionzi, au waliwekwa chini ya uangalizi bila matibabu ya haraka.

Hii ndiyo sababu kundi la kusaidiana haliwezi kuwa jukwaa la kupaza sauti tu kwamba kila mtu akapime. Mwanamume aliyegunduliwa mapema hukabiliwa na uchaguzi mgumu: kutibiwa na kuhatarisha uwezo wa tendo la ndoa na wa kuzuia mkojo, au kusubiri huku akipimwa mara kwa mara na kuishi na wasiwasi. Daktari humpa hesabu. Mwenzake aliyechagua mwaka jana humweleza jinsi uchaguzi ule ulivyo asubuhi ya siku ya mia.

Funzo la Kampala

Wazo la wagonjwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe mara nyingi huonekana kuwa ni la Kimagharibi. Ni kweli kwamba kundi moja mashuhuri la wagonjwa wa tezi dume lilianzishwa karibu na Chicago mwaka 1990, na kupewa jina lenye maana ya "sisi pia", kwa kufuata mfano wa wanawake wenye saratani ya matiti. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kutangulia, katika ugonjwa mwingine.

Mwaka 1986, Christopher Kaleeba, Mganda aliyekuwa akisoma Hull, kaskazini mwa England, aligunduliwa kuwa na UKIMWI. Mkewe, Noerine Kaleeba, aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Mulago, alisafiri kuja kumuuguza na akaona jinsi watu wasio ndugu walivyojitolea kukaa na mgonjwa. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo mjane wake na wenzake, baadhi yao wakiwa wagonjwa, walianzisha mjini Kampala shirika la TASO, lililokuja kuwa kielelezo barani Afrika cha wagonjwa kushauriana na kutunzana.

Miaka miwili baadaye mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi Uganda na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Katika visa vyote viwili, mtu aliyeugua akiwa ughaibuni aliwafungua midomo watu wa nyumbani.

Tofauti ipo, na si ndogo. Saratani ya tezi dume huwashika zaidi watu wazima wenye mvi, ambao heshima yao katika jamii imejengwa juu ya kutoonekana dhaifu. Kijana anaweza kulia mbele ya wenzake na kusamehewa. Mzee anayetegemewa kusuluhisha ndoa za wengine hana urahisi huo.

Wanaume huja kutafuta habari

Watafiti wa Canada, waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuyachunguza makundi haya kwa makini, waliona katika miaka ya 1990 kwamba wanawake wenye saratani ya matiti huenda kwenye kundi kutafuta ukaribu, ilhali wanaume wenye saratani ya tezi dume huenda kutafuta habari. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, wa mwaka 2009, ulionyesha jinsi wanaume wanavyotumia mzaha ili kuweza kusema yale yasiyosemeka.

Yeyote anayejua utani wa Waswahili ataelewa mara moja. Mkutano unaoanza kwa kumtaka kila mtu aeleze hisia zake huenda usiwe na watu mara ya pili. Mkutano unaoanza kwa swali la kawaida, kama vile "PSA yako sasa ni ngapi?", huweza kufika mbali. Nambari huwa ni mlango. Baada ya kuijadili, mtu huuliza kuhusu joto la ghafla linalompata kutokana na sindano za homoni, kisha kuhusu uchovu, na mwishowe, sauti ikiwa imeshuka, kuhusu mkewe.

Habari sahihi pia huondoa hofu zisizo na msingi. Wanaume wengi hukwepa kupimwa kwa sababu wanaamini jambo la kwanza ni kidole cha daktari. Leo kipimo cha kwanza ni cha damu, na kikionyesha shaka, kwa kawaida hufuata picha ya MRI kabla ya kutolewa kinyama cha kuchunguzwa. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanaume 576 nchini Uingereza ulionyesha kwamba kwa kuanza na picha hiyo, zaidi ya robo wangeweza kuepushwa na sindano ya kutoa kinyama.

Tahara na saumu

Kuna maswali ambayo kundi la kawaida la Kiingereza haliwezi kuyajibu. Mwislamu ambaye baada ya upasuaji mkojo humtoka bila hiari hujiuliza kwanza, kabla ya lolote, kama sala yake inasihi. Wapo wanaoacha kwenda msikitini kwa sababu hiyo, na watu wa nyumbani wakadhani wamelegea katika dini.

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mwenye udhuru wa namna hiyo hujisafisha, huweka kizuizi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia na kusali, na hufanya hivyo kwa kila sala ya faradhi. Ni hukumu inayojulikana na maimamu, lakini mgonjwa huona haya kuiuliza. Imamu akialikwa mara moja kwa mwaka kuieleza mbele ya watu wote, hakuna anayelazimika kuinua mkono.

Saumu nayo ina maswali yake. Baadhi ya vidonge vya saratani hii humezwa tumbo likiwa tupu, na vingine havina sharti hilo. Mgonjwa anayebadilisha saa za dawa mwezi wa Ramadhani bila kumuuliza mfamasia anajihatarisha. Kundi linaloandaa mazungumzo hayo katika mwezi wa Shaabani hufanya kazi ambayo kliniki haina nafasi wala lugha ya kuifanya.

Kinachodumisha kundi

Makundi mengi ya namna hii huanza kwa hamasa ya mtu mmoja na hufifia naye. Mwanzilishi mwenyewe ni mgonjwa. Ugonjwa ukimrudia, funguo za ukumbi na orodha ya simu hubaki mfukoni mwake. Tatizo la uongozi kuegemea watu wachache limeonekana katika nchi nyingi.

Hapa Waafrika Mashariki wana ujuzi wao. Wanachama wa upatu wanajua kwamba mchezo hudumu kwa sababu zamu inajulikana. Uenyekiti wa kupokezana kila baada ya miezi michache, pamoja na makamu anayejifunza kazi, hulinda kundi dhidi ya kifo cha mtu mmoja na dhidi ya ubabe wa mtu mmoja.

Mahali pia ni muhimu. Meza ya mkahawa inafaa kwa mwaliko, lakini haifai kwa mkutano, kwa kuwa jirani husikia. Chumba cha maktaba, cha msikiti, cha kanisa au cha hospitali hufaa zaidi, mradi choo kiwe karibu na kisihitaji kupanda ngazi, na viti viruhusu mtu kutoka bila kuwapita wenzake wote. Wengi wasiorudi mara ya pili hawakukasirishwa na mtu. Walishindwa kukaa saa mbili mbali na choo.

Sharti zito kuliko yote ni siri. Katika jamii ndogo ya ughaibuni, neno lililosemwa Paddington jioni linaweza kufika Tanga kabla ya alfajiri. Kundi linahitaji kukubaliana wazi kwamba majina hayatoki nje, kwamba hakuna picha, na kwamba ujumbe wa simu wa kundi ni wa kutangaza siku na mahali tu.

Sharti la pili ni kwamba kila mtu aeleze yaliyompata yeye, asimwandikie mwenzake dawa. Aliyepona kwa upasuaji huwa na shauku ya kumpeleka kila mtu kwa mpasuaji wake, na muuza mitishamba hujua pa kupata wateja. Muuguzi bingwa anayehudhuria mara kwa mara, bila kuwa mwenyekiti, huweza kusahihisha yaliyopotoka.

Wake wasisahauliwe. Mara nyingi wao ndio hutunza tarehe za kliniki na kumsukuma mume aende. Lakini baadhi ya wanaume hawawezi kusema mbele ya mke wa mwenzao, hasa mkwe au shemeji. Makundi yaliyofaulu hupanga nyakati mbili: kikao cha pamoja cha kumsikiliza mtaalamu, na kikao cha wanaume peke yao.

Jambo gumu zaidi ni mauti. Kundi linaloshangilia waliopona tu humfukuza, bila kukusudia, yule ambaye ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Jamii za Afrika Mashariki zinajua kuzika kwa umoja. Changamoto ni kumtembelea mtu akiwa bado hai.

Kundi jipya halilazimiki kuanza peke yake. Nchini Uingereza shirikisho liitwalo Tackle Prostate Cancer huyaunganisha makundi mengi ya aina hiyo, na shirika la Prostate Cancer UK, lililoanzishwa mwaka 1996, lina wauguzi wanaopokea simu na watu wa kujitolea waliopitia ugonjwa huo. Vilevile, Errol McKellar, fundi magari wa mashariki mwa London aliyepata saratani hiyo, alionyesha kwamba ujumbe hauhitaji ukumbi: aliwapunguzia bei ya matengenezo wateja waliokubali kwenda kupimwa.

Simu ya kwenda nyumbani

Faida ya makundi ya London haiishii London. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba ongezeko kubwa litakuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Huko wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Kazi ya kuvunja ukimya imeanza pia upande huo. Nchini Tanzania, Dk Emmanuel Kandusi, ambaye mwenyewe alipata saratani hiyo, ameongoza kampeni ya kuwahimiza wanaume waliotimiza miaka 50. Mjini Nairobi, shirika la Faraja limekuwa likiwasaidia wagonjwa wa saratani na jamaa zao tangu mwaka 2010.

Mara nyingi anayelipia matibabu ya baba aliyeko Pemba au Kisumu ni mtoto aliyeko Ulaya. Mtoto huyo huulizwa kwenye simu: tukubali sindano ya homoni, au upasuaji wa kuondoa korodani ambao ni wa mara moja na gharama yake ni nafuu? Aliyekaa katika kundi na kuwasikia waliopitia njia hizo ana la kumwambia baba yake. Asiyekaa hutuma pesa, na hunyamaza.

Wakati huohuo utafiti mkubwa uitwao Transform, wenye bajeti ya pauni milioni 42, umekusudiwa kupata jibu la njia bora ya kuwapima wanaume wote. Waandaaji wake wameahidi kwamba angalau mmoja kati ya kumi wa wanaoalikwa atakuwa mweusi, na kwamba kwao umri wa kualikwa utaanzia miaka 45 badala ya 50. Mtu hawezi kujiandikisha mwenyewe. Hualikwa kwa barua kupitia daktari wa familia.

Majibu ya utafiti huo yatachukua miaka. Pengine barua hiyo itamfikia mzee ambaye hajawahi kusikia neno lolote kuhusu tezi dume, naye ataiweka kando pamoja na matangazo ya biashara. Au itamfikia aliyekwisha kusikia habari zake kwa mtu wa lugha yake, ambaye atamwambia aifungue, aisome, na aende. Tofauti kati ya wazee hao wawili inaweza kuwa ni chumba kimoja kilichokodiwa kwa saa mbili, mara moja kwa mwezi, karibu na choo.